Usingizi wa Damas

Nilipopangiwa kufundisha shule ya msingi Ibambala, mwaka 1981, mtu wa kwanza kunichoma sindano ya kidole alikuwa Apolinaria. Alikaa dirishani kwenye zahanati ya kijiji, koti jeupe limefuliwa mpaka limekuwa jepesi, akitazama ndani ya hadubini huku macho yote mawili yako wazi. Wageni tulishangaa. Tulidhani mtu anayechungulia tundu moja lazima afumbe jicho la pili. Alinieleza kwamba ukifumba moja utachoka kabla ya saa sita, na mtu aliyechoka hupitisha mdudu bila kumwona.

Habari zake alinisimulia vipande vipande, na nyingine nilizipata kwa waliokuwapo, akiwemo Masolwa, aliyekuwa mwenyekiti wa kijiji wakati ule. Masolwa hakujificha. Alisema yote yaliyomhusu.

Apolinaria ni mzaliwa wa Lusu, Nzega. Alisoma kwa masista hadi darasa la nne, kisha akaolewa na Damas, mrina asali wa huku magharibi mwa Tabora, aliyepita Lusu na baiskeli akiuza nta. Damas alikuwa mrefu, mwembamba, mtu asiyeweza kukaa. Hata akila alisimama. Alfajiri mkewe alipofungua macho, tayari yeye yuko msituni kwenye mizinga yake. Walimpata binti mmoja, Eustadia.

Mwaka 1974 ilipokuja amri ya watu wote kuhamia vijijini, walihamishiwa Ibambala. Kijiji kilipimwa kando ya njia ya zamani ya misafara, ile iliyotoka Tabora kwenda Ujiji, na waliochimba misingi waliokota shanga ambazo hakuna aliyejua ni za nani. Nyumba ziliwekwa kwa mistari. Nyuma ya mstari wa mwisho, hatua kama mia hivi, msitu ulianza, na ndani ya msitu mlikuwa na mbung'o wengi kupita kiasi. Watu walitembea wakijipiga mgongoni kwa matawi. Mbung'o aliwauma hata juu ya nguo. Waliona ni kero ya maumivu tu, na ng'ombe wachache waliokufa wakasema ni nyasi mbaya.

Mwaka wa pili, baada ya masika, Damas alianza kuumwa kichwa. Homa ilikuja ikaondoka. Alimeza klorokwini, akapona siku nne, ikarudi. Mkewe hakushtuka, maana nani haumwi homa? Kisha ukaja usingizi. Mwanzoni alilala mchana baada ya kula, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Halafu akawa analala kabla ya kula. Siku moja Apolinaria alimkuta amelala na tonge mdomoni, hajalitafuna. Usiku hakulala, alizunguka nyumba akiongea peke yake. Jioni jua likizama alimsalimia mkewe, "Mwangaluka," salamu ya asubuhi ya Kinyamwezi, na alipoambiwa kumekuchwa alikasirika.

Siku nyingine alimpiga Eustadia kwa kumwaga maji. Hakuwahi kumpiga. Baada ya muda mfupi akamwona mtoto analia, akauliza ni nani aliyemliza.

"Nilimchukia," Apolinaria aliniambia, wala hakuipunguza kauli hiyo. "Nililima peke yangu shamba letu, nikaenda shamba la kijiji peke yangu, nikirudi namkuta kivulini. Nilisema moyoni kumbe mwanamume huyu alikuwa hivi, alikuwa ananificha."

Shamba la ujamaa lilikuwa na utaratibu. Alfajiri kipande cha reli kiligongwa, watu wakajipanga, majina yakasomwa. Jina la Damas lilipita siku tatu, siku sita, wiki mbili bila mtu kuitika. Masolwa alikuwa mwenyekiti mpya, na kiongozi mmoja kutoka wilayani alikuwa amemwambia kwamba kijiji kikishindwa, mwenyekiti ndiye ameshindwa. Alimwita Damas kwenye mkutano wa Jumapili.

Watu walikaa chini uwanjani, baada ya ibada. Damas alisimamishwa mbele. Masolwa alieleza makosa yake, na kabla hajamaliza, Damas alikuwa amefumba macho akiwa wima, anayumba. Watu wakacheka. Masolwa aliona amedharauliwa. Akamgeukia mke.

"Ndugu Apolinaria, mumeo nyumbani anakula?"

"Anakula."

"Analima?"

"Halimi."

"Mtu anayekula jasho la wenzake bila kufanya kazi, katika nchi hii tunamwitaje?"

Kila mtu alilijua neno hilo. Lilisemwa redioni, liliandikwa ukutani kwenye ofisi ya chama. Apolinaria angeweza kunyamaza. Aliniambia kwamba hakuna aliyemshikia panga.

"Kupe," alisema.

Kicheko kiliupasua uwanja. Damas alifungua macho, akamtazama mkewe, akatabasamu kama mtu aliyeitwa kwa jina lake.

Adhabu ilikuwa kuchimba msingi wa zahanati chini ya usimamizi wa mgambo mpaka ajirekebishe. Alichimba siku tisa, kwa kusukumwa. Siku ya kumi alianguka ndani ya shimo akaendelea kulala humo humo, uso umegusa udongo. Apolinaria aliitwa akamchukue. Alipokuwa njiani kwenda kumchukua, kilichomsumbua ni aibu, siyo wasiwasi. Hilo nalo hakulificha.

Wiki tatu baadaye iliingia Landrova ya afya kutoka Tabora. Ilikuwa imezunguka vijiji vipya vyote vya upande ule, kwa sababu wagonjwa kadhaa walikuwa wamefika mjini wakiwa na dalili zinazofanana. Msimamizi wake alikuwa mtaalamu wa maabara aliyeitwa Silasi, muumini wa kanisa la Moravian, mtu wa maneno machache. Aliweka meza mbele ya ofisi ya kijiji, akaweka juu yake chombo cheusi chenye shingo, akageuza kioo kidogo chini yake mpaka kikashika jua. Amri ilikuwa kila mtu, mkubwa kwa mdogo, atolewe tone la damu kidoleni.

Damas aliletwa amekalishwa kwenye karia ya baiskeli, amefungwa kanga kiunoni ili asidondoke. Apolinaria alimshika begani.

"Shikamoo, daktari," alisema.

"Marahaba, mama. Mimi siyo daktari." Silasi alipapasa shingo ya Damas upande wa nyuma, akitafuta tezi zilizovimba, akamfungua jicho kwa kidole gumba. "Amekuwa hivi tangu lini?"

"Tangu masika yaishe. Ni mvivu tu."

Silasi alimchoma Damas kidole, na Damas hakuutoa mkono wala hakukunja uso. Akaitandaza damu kwenye kioo, akafunika kwa kioo kingine chembamba, akainama. Wengine wote waliotangulia walichukua muda kidogo tu. Kwa Damas aliinama muda mrefu, akisogeza kioo taratibu. Foleni ikaanza kunong'ona. Aliponyoosha mgongo, alisogea pembeni akamwonyesha Apolinaria kiti.

"Njoo utazame, mama."

Kwanza hakuona kitu ila giza la kope zake mwenyewe. Silasi akamwambia asogee nyuma kidogo, asibane. Ndipo duara la mwanga likafunguka. Ndani yake kulikuwa na vidonge vya duara, vingi mno, vimelala kama mtama uliomwagwa kwenye ungo. Halafu kundi moja la vidonge likatikisika. Kitu chembamba, angavu, kilichopindapinda kama mnyoo, kilipita katikati yake kikivisukuma huku na huku. Kikaja kingine. Kikaja cha tatu.

"Ni nini hivi?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Ni wadudu. Mbung'o ndiye aliyewaingiza. Hii ni damu ya mumeo, nimeitoa sasa hivi."

"Wako hai?"

"Wako hai. Na sasa nadhani wamekwishafika kichwani. Mama, mtu huyu hana uvivu. Ana malale. Kwa muda wote huo amekuwa anakufa."

Apolinaria alisema kwamba masikio yake yaliziba. Aliona midomo ya Silasi ikiendelea kusema, hakusikia. Alitazama tena ndani ya chombo, akitumaini kwamba havitakuwapo. Vilikuwapo. Kisha akaondoka kitini, akakaa chini mavumbini mbele ya watu wote, ubavuni mwa gurudumu la baiskeli, na mguu wa mumewe unaning'inia karibu na uso wake.

Masolwa alipenya kutoka nyuma. Hakuamini. Alisema damu ya mtu yeyote ikikuzwa namna hiyo lazima ionyeshe vitu, na kwamba mambo ya namna hii yatawapa wavivu kisingizio.

"Nitoe na mimi," alisema. "Tuone."

Silasi alimtoa, akatazama, kisha akampa nafasi. Masolwa aliona mtama wake umetulia kimya. Alisubiri. Alisogeza kioo kama alivyoelekezwa, akasubiri tena. Hakukuwa na kitu kinachotembea. Akaomba kioo cha Damas kirudishwe. Alitazama mara moja tu, akajitoa haraka kama mtu aliyechungulia chumba kisicho chake.

"Nilimchimbisha," alisema, siyo kwa mtu fulani. Baadaye kidogo akasema, "Na Anselm?"

Anselm alikuwa mwenzao aliyefariki miezi saba kabla. Naye alilala mchana, naye alibadilika akawa mkali, akaanza kuvua nguo hadharani, akafa amekonda mpaka mbavu zinahesabika. Wakati ule walisema amelogwa, na aliyesemwa kuwa mlozi ni mkewe, Katarina. Walimchomea nyumba. Waliotia moto walikuwa pale pale foleni, vidole vyao vimenyooshwa kusubiri sindano. Apolinaria mwenyewe hakutia moto, lakini alisimama akatazama mpaka paa likaanguka.

Watu kumi na mmoja walikutwa na wadudu siku ile. Watatu kati yao walikuwa watoto.

Damas na wengine waliozidiwa waliondoka na Landrova jioni ile ile kwenda Tabora. Hospitalini walimkunja kama mtoto tumboni, wakamchoma sindano uti wa mgongo, wakakinga matone ya maji yake. Wadudu walikuwamo humo pia. Daktari, mtu mzima mwenye sauti ya chini, alimwita Apolinaria nje ya wodi.

"Mama, dawa iko. Lakini sitakudanganya. Inaingia mpaka kwenye ubongo, na yenyewe ni sumu, jamaa wa sumu ya panya. Katika watu ishirini ninaowapa, mmoja au wawili wanauawa na dawa, siyo na ugonjwa."

"Na usipompa?"

"Watakufa wote ishirini."

Apolinaria aliuliza nani anapaswa kukubali. Daktari akasema mgonjwa hana akili ya kukubali, kwa hiyo ni yeye. Mwanamke aliyemwita mumewe kupe mbele ya kijiji kizima sasa alitakiwa aseme kama mumewe atiwe sumu. Alibonyeza dole gumba kwenye karatasi, ingawa kuandika jina lake alijua.

Dawa ilichomwa kwa bomba la kioo. Damas, ambaye hakuhisi sindano ya kidole, safari hii alipiga kelele. Alisema wanamtia pilipili kwenye mshipa. Muuguzi alimwambia Apolinaria kwamba kelele hizo ni habari njema, maana yake mtu amerudi kuhisi. Siku ya pili hivyo hivyo, na ya tatu. Wakampumzisha. Siku ya nane, Apolinaria akimlisha uji, jicho la Damas liligeuka likabaki jeupe, mwili ukakakamaa, akaanza kutupwa kitandani kana kwamba kuna mtu anamtikisa. Degedege lilimshika na kumwachia kwa siku mbili. Kwenye kitanda cha jirani, mtu kutoka Ibambala aliyeanza dawa siku moja naye, alishikwa vile vile na hakuachiwa. Walimfunika shuka siku ile ile ya nane, saa nne asubuhi. Apolinaria alikuwa bado ameshika kikombe cha uji.

Damas aliamka siku ya tatu. Alitazama dari, akamtazama mkewe.

"Mama Eustadia," alisema, "mbona umekonda?"

Apolinaria alilia kwa mara ya kwanza tangu mambo hayo yaanze. Wiki moja baadaye, alipoona akili yake imetulia, alimweleza kila kitu: mkutano, neno alilolisema, shimo la msingi. Alitaka asikie kwake kabla hajasikia kwa watu. Damas alisikiliza mpaka mwisho.

"Nakumbuka watu wanacheka," alisema. "Nilidhani ni harusi."

Hakusema zaidi, wala siku hiyo wala baadaye. Apolinaria aliniambia kwamba angependa kama mumewe angemgombeza.

Waliporudi Ibambala, Damas alikuwa anatembea kwa fimbo na mkono wa kushoto ulikuwa umebaki mzito. Hakupanda tena miti kufuata asali. Wakati huo Masolwa alikuwa amefanya jambo ambalo hakulitangaza mkutanoni. Alipanda baiskeli siku mbili, akamtafuta Katarina, akamkuta kwa kaka yake karibu na Igunga, anachuma pamba. Alimweleza habari ya wadudu na ya mbung'o. Katarina alimsikiliza huku anaendelea kuchuma. Alipomaliza, mama yule alimuuliza swali moja.

"Kwa hiyo mlinichomea nyumba kwa sababu ya inzi?"

Masolwa alisema ndiyo. Alimwomba arudi, kijiji kitamjengea. Katarina alikataa, na hakurudi hata siku moja. Masolwa alijiuzulu uenyekiti mwaka uliofuata. Aliponisimulia haya alikuwa mzee anayefuga kuku.

Serikali ilileta watu waliobeba mapipa ya dawa mgongoni, wakapulizia mashina ya miti pembezoni mwa kijiji, na wanakijiji wakafyeka kichaka kurudisha msitu nyuma. Mizinga iliyokuwa karibu ilikufa yote. Nyuki walilundikana chini kama maganda ya karanga. Damas alikwenda kuwatazama. Mbung'o walipungua kweli.

Zahanati ilipomalizika, juu ya msingi ule ule, Silasi alikuja na hadubini ya kuacha kijijini. Alitaka mtu wa kumfundisha, anayejua kusoma. Vijana watatu walijitokeza. Apolinaria alijitokeza pia, na mtu mmoja akauliza kama mama wa darasa la nne ataweza. Silasi akasema huyu alishawaona wadudu kabla yenu nyote. Alikaa Tabora miezi mitatu akijifunza kuchoma, kutandaza, kupaka rangi, kuhesabu. Alirudi na koti lile jeupe.

Hayo nilisimuliwa. Hili la mwisho nililiona mwenyewe.

Ilikuwa Septemba 1982. Nilikuwa nafundisha darasa la saba hesabu, na Eustadia alikaa safu ya pili, msichana wa miaka kumi na minne, mwepesi kuliko wote darasani. Wiki ile alikuwa amelalamika kichwa. Mtihani wa taifa ulikuwa umekaribia, watoto wote walilalamika kichwa. Asubuhi alikuwa amepitia zahanati, mama yake akamtoa damu kama alivyomtoa kila mtu, akamruhusu aje shule.

Kama saa tano hivi Apolinaria alitokea mlangoni kwangu. Hakubisha hodi. Uso wake ulikuwa umepauka kama umepakwa majivu, na mkononi alishika vioo vitatu, amevishika kwa kingo zake kwa uangalifu sana.

"Mwalimu," alisema taratibu, "nimetazama mara tatu. Vioo vyote vitatu nilivyotandaza asubuhi. Ni yeye."

Sikuelewa mara moja. Eustadia alielewa. Alifunga daftari, akasimama, akatoka nje. Tulisimama barazani sisi watatu. Nilijaribu kusema kwamba huenda macho yamechoka, kwamba mbung'o wamepungua siku hizi. Apolinaria alinitazama kama mtu anayemsubiri mtoto amalize kusema.

"Mmoja alikuwa anatembea," alisema. "Mmoja tu kwenye kioo kizima. Maana yake ni mapema."

"Nitakufa, mama?" Eustadia aliuliza.

"Hapana. Baba yako walimkuta kichwani. Wewe uko damuni tu, nadhani. Kuna sindano nyingine, siyo ile." Alisema "nadhani" bila kuogopa, kisha akaugeuza uso ukutani.

Damas alikuja akikokota mguu, amebeba mfuko wa nguo. Mkewe alikuwa amempitia nyumbani kwanza akamwambia. Alimshika binti yake shingoni kwa mkono wake mzima, akaupapasa upande wa nyuma, kama Silasi alivyompapasa yeye. Hakuwahi kuambiwa na mtu kwamba alipapaswa hivyo. Mkewe alimwona akifanya vile akaduwaa.

Lori la pamba liliwachukua saa nane mchana. Hospitalini maji ya mgongo wa Eustadia yalikutwa safi. Alichomwa dawa nyepesi kwa wiki kadhaa, mkojo ukamsumbua, akapona. Mtihani ulimpita, akarudia darasa la saba mwaka uliofuata, akakasirika sana kukaa na watoto wadogo kuliko yeye.

Apolinaria alirudi kazini siku ya pili baada ya kumfikisha. Mimi nilikuwa wa kwanza kwenye foleni asubuhi ile, pamoja na darasa langu lote. Hakutueleza habari za safari. Alifuta kioo kwa pamba, akageuza kile kioo kidogo mpaka kikashika jua, akanyoosha mkono akingoja kidole changu.